Paundi Ishirini na Sita

Upepo wa tairi hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, na hupimwa kwa mzigo. Gari tupu lina upepo wake, gari lililopakiwa lina wake. Na tairi likishika moto njiani usilipunguze upepo hata chembe; litavimba lenyewe na litatulia lenyewe. Haya nimeyajua tangu nina miaka tisa, kwa sababu marehemu babangu alikuwa dereva wa lori la mkonge na hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hivyo geji ya upepo nikimshikia mimi. Nayasema mapema ili asije mtu akaniambia kwamba sikujua.

Ilikuwa miaka ya themanini, Kilifi bado haina daraja. Mume wangu alikuwa kazini Nairobi, nami nilikuwa Malindi kwa mamangu nikilea binti yetu wa miezi mitano. Kabla yake nilikuwa nimezika wawili, mmoja wa siku tatu, mwingine wa miezi saba. Huyu wa tatu nilimlinda mpaka watu wakanicheka. Akikohoa mara moja, nyumba nzima haikaliki.

Ami yangu, mdogo wake babangu, alikuwa amenunua gari refu la viti safu tatu, kuukuu lakini akiling'arisha kila siku. Kulikuwa na harusi ya jamaa huko Nairobi, akajitolea kutupeleka: mimi, mwanangu, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa anakuja kunisaidia ulezi. Ami alikuwa mtu mwema, hilo nataka lieleweke. Mcheshi, mkono wazi, na tangu babangu afe hakuna aliyenihurumia kama yeye. Lakini ubishi wake, lo! Na gari alilijua kwa usukani tu.

Asubuhi ya safari nilifuatana naye kituo cha petroli, gari bado tupu. Akamwambia mtu wa pampu, "Tia paundi ishirini na sita, yote manne."

"Ami, nyuma haitoshi," nikasema. "Na mizigo je? Nyuma mwambie atie thelathini na sita."

Akacheka, na yule mtu wa pampu akacheka naye. "Haya, mama fundi! Tairi likijaa sana linadunda. Mjukuu wangu huyu atatapika njia nzima. Mimi nataka alale kama yuko kifuani kwako."

Nikamwambia babangu asingekubali.

"Babako akiendesha lori. Hili ni gari la watu." Kisha akanipa ile methali ya wakubwa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeisikia tangu utotoni mpaka imenichosha. Ya mkuu asiyesikia sijapata kuisikia hata moja.

Tuliporudi nyumbani mizigo ilikuwa imejaa barazani. Kwetu mtu hasafiri na vyake tu. Shangazi alileta maembe kutoka Magarini, magunia mawili ya nazi yalikuja kwa jirani, mwingine kikapu cha ng'onda, mwingine masinia ya harusi na sanduku la vyombo. Kuukataa mzigo wa mtu ni kumwambia undugu umekwisha. Vyote vikapakiwa, mpaka kiti cha mbele kando ya dereva kikajaa masinia. Nyuma ya gari ikalala. Nikainama nikatazama tairi la kulia: limejitandaza chini, limefutuka ubavuni.

Nikamwendea mamangu jikoni nikamweleza. Akaniambia, "Ami yako ndiye babako sasa. Usimvunjie heshima siku ya safari." Nikamchukua mtoto, nikaenda garini.

Nilikaa nyuma ya ami, dirishani, mtoto nimempakata. Mdogo wangu alibanwa kando yangu pamoja na kile kikapu cha ng'onda, akilalamika kwamba atafika harusini ananuka soko la samaki. Tulipopita Gede gari likaanza kuyumba. Kila kona, mbele ilishakata, nyuma bado inavutwa. Ami alikuwa akiimba. Pale msitu ulipotuzunguka pande zote mbili nikasikia harufu ya mpira, kidogo, kisha ikapotea. Kufika Matsangoni ikarudi, na safari hii haikuondoka. Nikamwuliza mdogo wangu kama anaisikia. Akasema yeye haisikii ila ng'onda.

Kilifi tulikuta foleni ndefu ya magari yanayongoja feri. Jua la saa sita, wauza korosho wanapita dirisha kwa dirisha. Ami akateremka, akazunguka nyuma, akagusa tairi, nikamsikia akisema, "Ala! Yamekuwa moto haya, na magumu kama jiwe. Jua hili litayapasua." Akachuchumaa, akatoa njiti ya kiberiti, akaibonyeza kwenye valvu. Upepo ukaanza kulia.

Nikatoa kichwa dirishani. "Ami, usitoe! Likiwa moto halitolewi—"

Akaniangalia. Madereva wengine walikuwa wamesimama kivulini, wanasikiliza, mmoja anatabasamu. "Umenisomesha Malindi," akasema polepole, "na hapa unisomeshe tena? Mbele za watu?" Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akahamia tairi la pili, nalo akalitoa upepo.

Niliteremka na mtoto begani, nikajifanya nanyoosha miguu. Nikaweka kiganja ubavuni mwa tairi la kulia, nikakiondoa upesi, maana liliunguza. Chini lilikuwa limelala zaidi kuliko asubuhi. Sikukisia. Nilijua vile nijuavyo jina langu.

Ningeweza kusema. Ningeweza kulala mbele ya gari, kupiga mayowe, kumwaga nazi zote barabarani. Lakini mtu mzima aliyekwisha kuaibika mbele za watu, kwetu humwongezi. Unatafuta udhuru. Nikasema, "Ami, mtoto ana homa. Siwezi kuendelea naye."

Akaja mbio. Hasira zote zilimtoka usoni mara moja. Akamwekea mtoto mgongo wa mkono kwenye paji. Jua lile nani asingekuwa na moto? "Maskini, kweli amechemka," akasema. "Basi turudi sote. Harusi si kitu."

Na kurudi ni kwa matairi yale yale. Nikamwambia, "La, ami, watu wanangoja masinia yao. Mimi nitapanda basi nirudi Malindi."

Mdogo wangu akafungua mlango. "Nishuke nawe, dada? Utambebaje peke yako na mfuko?"

Wallahi mguu wake mmoja ulikuwa chini tayari. Nikafikiri: tukishuka sote wawili ami ataelewa kwamba tumelikimbia gari lake. Nikasema, "Wewe nenda. Msaidie ami na mizigo, nitakufuata kesho." Akafurahi, akasogea dirishani pale nilipokuwa nimekaa mimi, akanyoosha miguu juu ya kikapu. Feri ikawachukua. Nikasimama mpaka nikaliona gari likipanda ng'ambo ya Mnarani, nyuma imelala.

Habari ilifika Malindi baada ya laasiri. Tairi la nyuma la kulia lilipasuka walipopita njia ya Kuruwitu, gari likabingirika mpaka ndani ya mkonge. Ami alivunjika mkono na mbavu. Mdogo wangu alitupwa nje kwa dirisha langu. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Matangani wanawake walikuja mmoja mmoja kumbusu mwanangu. Wakasema homa ile ilikuwa rehema, Mola alimtuma mtoto kuniokoa. Mamangu, macho yamemvimba, alimshika mtoto akarudia maneno hayo hayo, nami nikaitikia amin. Mtoto hakuwa na homa. Nilimteremsha mwanangu, nikamfungia mlango mtoto wa mamangu.

Siku ya tatu ami aliletwa kutoka hospitali, mkono kwenye plasta, akaketishwa kwenye kiti chumbani. Akaniita. Nikaenda na mtoto, nimekwisha kujiapiza kwamba akiniuliza nitasema yote, mbele ya mamangu na mbele ya kila mtu. Akanitazama usoni. Kisha akaunyoosha ule mkono mzima, akamgusa mtoto kwenye paji.

"Homa imeshuka, mwanangu?"

"Imeshuka, ami."

"Alhamdulillahi," akasema, akaanza kulia.