Bibiane Anamkataa Parrain Wake

Saa nane mchana, Jumapili, meza ya kulia ya Bibiane Murhula mtaani Nguba haina pa kuweka sahani. Imejaa karatasi, na kila karatasi imekunjwa kichwani na kubanwa kwa kibanio cha nguo ili jina la mwombaji lisionekane. Willy, mumewe, ndiye aliyezikunja. Bibiane anasoma, anaguna, anasogeza moja kulia, nyingine kushoto.

Mkutano wa watengeneza programu za kompyuta hapa Bukavu una nafasi kumi tu za kuzungumza. Walioomba wanapita arobaini. Kazi ya kuchagua haina mshahara; Bibiane anaishi kwa kazi yake katika shirika la afya, na hii inamlia Jumapili zake mwaka wa nne sasa.

"Watu wanazania ni kuchagua zenye kuwa muzuri tu," anasema. "Unaweza kuwa na kumi za muzuri, zote zinasema kitu kimoja. Watu watalala."

Mwaka huu kitu hicho ni akili bandia. Kila mtu kaandika juu yake! Bibiane amechukua mbili, basi. Nafasi ya mwisho inagombewa na ya tatu ya akili bandia, nzuri kabisa, na programu ya kituo cha afya cha Walungu inayofanya kazi hata mtandao ukikatika. Anachukua ya Walungu. Wanafungua vibanio.

Ya Walungu ni ya Joviale, binti wa mtaa wa Cimpunda ambaye hajawahi kuzungumza mbele ya umati. Iliyokataliwa ni ya Papa Évariste, mwalimu wa chuo kikuu na parrain wao: ndiye aliyesimamia ndoa yao, na ndiye huwapatanisha kila wanaponuniana. Willy aliyekuwa akicheka anarudisha kibanio mahali pake.

Kwa simu, wenzake wa kamati ya kuchagua wanamshauri Bibiane amwandikie mzee ujumbe, kama wengine waliokosa. Mmoja anaona heri Joviale asubiri mwaka ujao, bado kijana. Bibiane anakataa yote mawili. Parrain haandikiwi jambo kama hilo. Na kama Joviale ataondolewa kwa sababu ya jina, vibanio vilikuwa vya nini?

Saa kumi wamevaa tena nguo za kanisani, wanapanda mlima kwa miguu, mwandishi wa habari hii nyuma yao. Kwa Papa Évariste chai inakuja, maandazi yanakuja, hali za watoto wao zinaulizwa. Bibiane anaanza mara mbili na kuishia kwenye habari za mvua. Mwishowe anapiga moyo konde.

"Papa, mada yenu hatukuichukua. Iko muzuri, lakini tuko na mbili za vile. Ni mimi nilikataa."

Mzee anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka. Ameumia, na hafichi.

"Siku ya ndoa niliwaambia mukuje hapa na magumu yenu yote," mzee anasema. "Sikuwaza siku moja magumu itakuwa mimi."

Anauliza nani amepata nafasi hiyo. Anaambiwa habari za Joviale na woga wake. Anaingia ndani bila kuaga, na mkewe, Maman Martine, ndiye anayewasindikiza. Wameshafika langoni sauti ya mzee inapotoka dirishani.

"Huyo mutoto atasema saa ngapi? Muniwekee kiti. Ya mbele."

Wakishuka, Bibiane anafuta machozi, huku akicheka. Anatamani mzee aombe tena mwaka kesho.

"Na Willy atakunja tena," anasema. "Kama yake iko muzuri kupita zingine, Papa ataingia. Kama hapana, tutapanda tena huku kunywa chai."