Bati Hulia Likikunjwa

Torborg alikuwa msichana wa shule bado mama yake alipofariki, miaka michache baada ya vita. Hapakuwa na wa kumchukua ila mjomba wake Anfinn, mfua shaba wa hapa kwetu Røros, Norwei. Anfinn hakuwahi kuoa, na kugonga masufuria tangu ujana kulikuwa kumemziba masikio. Ukitaka akuelewe, ulisimama mbele yake akaangalia midomo yako. Nyumba ile ilijaa kelele mchana kutwa, lakini mazungumzo hakuna.

Alimfundisha kwa mikono. Alimpa bamba la shaba aligonge mpaka likawa gumu, likakataa kupinda. Kisha akalitia motoni likawiva jekundu, akalichovya majini, akamrudishia. Sasa lilikuwa laini kama ngozi. Siku nyingine alimpa kijiti cheupe cha bati, yale madini laini yanayopakwa ndani ya masufuria ya shaba, akamwashiria akikunje karibu na sikio. Kikatoa mlio mdogo, kama theluji inayokanyagwa.

"Kimelia?" akauliza Anfinn.

Torborg akaitikia kwa kichwa.

"Basi ni bati halisi. Mimi sikisikii tena. Utanisikilizia wewe."

Kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao kilikuwa jagi la mama yake, la bati hilohilo, mpini wake umelegea. Jumapili moja, mjomba akiwa kanisani, aliamua kulitia lehemu mwenyewe. Alikuwa ameshaizoea shaba, ambayo huvumilia moto. Akawasha mkaa kama kawaida na kulishika jagi kwa koleo. Mpini haujashika, ubavu mzima ukalainika na kudondoka, matone meupe yakatawanyika kwenye majivu.

Mjomba alimkuta amekaa sakafuni.

"Bati haliuwezi moto ule, mama," alisema taratibu. "Ningekwambia mapema. Lakini lote lipo hapo. Tutaliyeyusha, tumimine jagi jingine."

"Halitakuwa lake," Torborg akasema.

Lakini alikuwa amegeukia ukutani, mjomba hakuiona midomo yake. Akaanza kuokota matone. Torborg hakurudia.

Alijaribu kutafuta wenzake. Alikwenda dansini na wasichana wa jirani, na kijana mmoja akamshika mkono, wakacheza kidogo, kisha akajinusa kiganja.

"We dada, umeshika nini? Unanuka sarafu."

"Huyo ukimkumbatia unatoka na kutu ya kijani," mwingine akadakia, watu wakacheka. Torborg naye akacheka. Hakwenda tena.

Wasichana wale waliolewa, wengine wakahamia Trondheim. Yeye alibaki na nyundo. Mikono ya Anfinn ilipoanza kutetemeka, alivuta kiti karibu na fuawe, akaweka kiganja juu ya chuma, akayasoma mapigo ya mpwa wake.

"Hapo umepiga ovyo," alisema.

"Najua, mjomba."

"Rudia."

Walifanya kazi hivyo miaka mingi, na nadhani hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote.

Anfinn alifariki majira ya baridi. Torborg alifunga karakana, kisha akaifungua. Tulimpelekea masufuria ayapake bati upya ndani. Tulimwambia kazi nzuri, tukachukua vyombo vyetu na kwenda zetu. Hakuna aliyemwambia amepiga ovyo, hata siku ambazo yeye mwenyewe alijua.