Kabureta Mbili za Gari la Kamsamba

Mume wangu alikuwa mnunuzi wa mpunga Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, nami nilibaki kijijini kwetu Ruanda, huku milimani, na kahawa yetu. Ndivyo tulivyoishi sehemu kubwa ya ndoa yetu. Mwisho wa mwezi alipanda kuja nyumbani na gari lake la kizamani, alilolinunua kwa mzee mmoja wa Nakonde, na moshi wake niliuona kabla ya kumwona yeye. Gari lile lina kabureta mbili za kuchanganya hewa na mafuta, na zote alizirekebishia kule chini. Hewa ya bondeni ni nzito, ya kwetu milimani ni nyepesi. Mafuta yanayotosha kule, huku yanazidi, basi gari likifika linakohoa na kutoa moshi mweusi.

"Si ulirekebishe?" nilimwambia.

"La nini? Hili ni gari la Kamsamba, mama watoto. Huku linakuja kutembea tu. Siku nikirudi moja kwa moja nitalirekebisha."

Alirudi ndani ya jeneza. Gari lilikuja nyuma yake likiendeshwa na shemeji yangu, likafuka moshi mpaka uani.

Waombolezaji walipotawanyika, nilibaki na nyumba, shamba na gari. Nilimwita fundi kutoka Mlowo. Alifungua boneti, akatikisa kichwa.

"Mama, kabureta mbili ni usumbufu. Ukiiweka sawa hii, ile inaharibika. Bora tubadili injini."

Binti yangu, aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alisema kwenye simu, "Mama, liuze tu. Utalipeleka wapi?"

Lakini Jumamosi moja, baada ya kumwagilia miche, nilichukua spana zake nikatoka nazo uani.

Kazi yenyewe niliijua. Kila tulipomaliza kuvuna kahawa nilimfuata Kamsamba, na huko tulilirekebisha gari pamoja. Mimi nilikaa kwenye usukani. Yeye aliinama mbele, ncha moja ya kipande cha mpira sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akisikiliza hewa inavyoingia. "Kanyaga kidogo. Acha. Kanyaga tena." Hewa ilipovuma sawasawa kote, ndipo alipogusa nati za mafuta. Mara moja alinipa mpira nisikilize mwenyewe, akasimama nyuma yangu, mkono begani pangu. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Siku zile nilimwona ni mume wangu kuliko siku zozote alizokuja nyumbani.

Sasa nilikuwa peke yangu. Nilikanyaga mafuta, nikashuka, nikakimbia mbele na mpira. Nilipofika injini ilikuwa imeshatulia. Nikarudi kwenye usukani. Nikakimbia tena. Jirani yangu, aliyekuwa akipita na jembe begani, akasimama.

"Dada, unaongea na nani?"

Sikujua kama nilikuwa nikiongea. "Na gari," nikasema.

Alinitazama kwa huruma, akaniambia nipitie kwake tunywe chai, akaenda zake. Sikwenda.

Hewa ilikaa sawa jua lilipokuwa utosini. Zikabaki nati mbili za mafuta, moja chini ya kila kabureta. Hapo mkono wangu ukasita. Nati zile alizikaza yeye, siku za mwisho za uhai wake, na tangu hapo hakuna aliyezigusa. Nikizigeuza, hakuna wa kuzirudisha pale alipoziacha. Nilikaa chini, mgongo kwenye gurudumu, nikalia kama ambavyo sikulia makaburini, maana makaburini watu walikuwa wakinitazama.

Kisha nikanyanyuka, nikazigeuza. Kidogo huku, kidogo kule, nikisikiliza. Kukohoa kukapungua. Injini ikapanda, ikatulia, ikanguruma kwa sauti moja. Niliendesha mpaka barabara ya lami na kurudi, kisha nikafungua plagi. Zilizokuwa nyeusi kwa masizi sasa zilianza kuwa na rangi ya kahawia, dalili kwamba mafuta hayazidi tena. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha, nikazifuta nikazirudisha.

Wiki iliyofuata niliendesha hadi Tunduma, mpakani. Binti yangu alivuka mpaka kuja kunipokea. Alizunguka gari, akaweka kiganja kwenye boneti.

"Mama, halingurumi kama la baba."

"Ndiyo," nikasema. "Nimelirekebishia nyumbani."

Tulikula wali na samaki kwenye mgahawa jirani na stendi, akaniuliza habari za kahawa, nikamuuliza habari za wajukuu. Aliniomba nivuke nilale kwake. Nikamwambia kuku hawana wa kuwafungia.

Nilirudi alasiri hiyo hiyo. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, na upande wangu barabara ilikuwa tupu.