Kipa Aliyeacha Goli Wazi

Siku moja naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, na mama yenu asinisikie. Ilikuwa Jumapili ya vumbi kule Musonoi, mtaa wa wachimbaji hapa Kolwezi, majuma mawili kabla ya msimu wa mpira kuanza. Timu ya mtaa ilicheza na wageni kutoka mjini, mechi ya kirafiki tu, ile tunayoiita amikali. Hakuna kombe, hakuna pointi. Lakini nilichokiona baada ya amikali ile, mwanangu, sijakiona tena popote, na mimi nimetembea. Nimefika Lubumbashi mpaka nimeichoka, nimefika Ndola, nimevuka mpaka na malori yangu mwenyewe.

Maana mimi, kama unavyojua, sikupewa kitu na mtu. Shule niliiacha mwaka wa nne wa primeri. Nyumba hii ya ghorofa hapa Manika niliijenga kwa jasho langu, tofali kwa tofali. Watu wananiita Patron, na sikuwaomba. Kwa hiyo nikikuambia kwamba siku ile nilijiona mdogo kama punje ya mahindi, ujue sisemi hivyo ili nionekane mnyenyekevu. Unyenyekevu sijausomea.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nauza mikate, betri na sigara kwa wachimbaji wa mkono, wale tunaowaita makreza, ukingoni mwa mashimo yao ya shaba. Wao walishuka chini, mimi nilibaki juu. Shimoni sijashuka hata siku moja. Lakini Jumapili nilikuwa kiongozi wa mashabiki, na hapo hakuna aliyenishinda. Wengine walipiga ngoma, mimi nilipiga chuma. Nilikuwa na kipande cha reli, nimekitundika kwa waya kwenye nguzo ya uzio, nyuma kidogo ya goli, na nilikigonga kwa nyundo mpaka wageni wakaziba masikio.

Kipa wetu siku ile alikuwa kijana wa Kasaji, jina lake Chinyama, kreza pekee katika timu ile. Alikuwa anajaribiwa. Sekretere wa timu, yaani katibu, alikuwa ametangaza wazi: akidaka vizuri katika amikali ile, anapewa jezi ya msimu mzima, na pamoja na jezi anapewa kazi ya gereji, kufunga na kufungua magurudumu ya malori. Yaani anatoka shimoni. Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza, na majirani wote walijua kwamba mama yule hali wala hanywi mpaka mume wake apande juu. Kwetu sisi ilikuwa mchezo. Kwa Chinyama ilikuwa kuishi juu ya ardhi kama watu wengine.

Na alidaka vizuri, kusema kweli. Mpaka dakika za mwisho ilikuwa sifuri kwa sifuri. Hapo mimi, kwa kutaka kuwachanganya wageni waliokuwa wanakuja na mpira, nikabuni mdundo mpya. Mapigo matatu ya haraka, kimya, matatu tena, kimya. Mara namwona Chinyama anageuka, anaacha goli, anakimbia. Mpira ukaingia polepole, kama mgeni aliyekuta mlango wazi na bado anapiga hodi. Upande wetu tulikuwa wauzaji watupu. Makreza wenzake walikaa ng'ambo ya uwanja, karibu na ngoma. Chuma changu hawakukisikia. Walichokiona ni kipa anayetoroka.

Alikuja mpaka kwangu. Akakishika kile chuma kwa viganja viwili, kikanyamaza. Akaniuliza swali moja, maneno mawili tu. Niliyasikia, maana yake sikuielewa. Akatazama nyuma ya uzio, akatazama goli, akaona wageni wanakumbatiana. Akainamisha kichwa. Refa akapuliza, mechi ikaisha.

Tukaenda terasi ya Mama Rejina, baa ya mtaa, wauzaji na makreza pamoja, jua bado liko juu. Vikombe vya munkoyo ya baridi, bia, vipande vya chikanda yenye pilipili. Mwanangu, kama hujakaa na mashabiki waliofungwa katika amikali, kicheko hukijui, maana hakuna anayelia kwa mechi isiyo na pointi. Mmoja alisema kipa alikumbuka ameacha sufuria ya bukari motoni. Mwingine akasema hapana, alimwona mkwe wake kwenye watu akakimbia kumwamkia. Mama Rejina, akipita na chupa, akasema afadhali angemwajiri yeye, maana wasichana wake wakiitwa hawakimbii hivyo. Wakampa jina papo hapo, Treni ya Kasaji, wakisema ndiyo mara ya kwanza treni ya kule kuwahi.

Sekretere alikuwa amekaa nasi. Mtu wa ofisi, kalamu mfukoni hata Jumapili, na alipenda kusikia mashabiki wanasema nini kabla ya kuamua jambo. Akanigeukia mimi. Akasema nilikuwa karibu kuliko wote, niseme ukweli, yule kijana aliogopa mpira?

Kosa langu liko hapo. Mimi nilijua kwamba hakuukimbia mpira. Nilimwona anakuja kwangu, nimemtazama usoni, na uso ule haukuwa wa mtu mwenye woga. Lakini meza nzima ilikuwa inanisubiri niwachekeshe, na kinywa changu wakati ule kilikuwa hakijui kukaa kimya. Nikasimama.

"Aliogopa sana, bwana sekretere. Tena alifika kwangu, akaniuliza, 'Beko bangapi?' Papa, mu mpira beko kumi na moja, hata mutoto anajua."

Walicheka mpaka munkoyo ikamwagika. Sekretere akacheka pia, akafuta macho, akasema basi, Jumatatu atamwomba arudishe jezi.

Meza ya pembeni alikaa Tata Kabamba, kapita wa makreza, yaani mkubwa wao wa kazi. Yeye hakuwa uwanjani, alikuwa ametoka kanisani, lakini chuma changu cha kila Jumapili alikijua. Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaniita kwa kidole.

"Ile chuma, ulipiga namna gani?"

Nikachukua kisu cha mezani, nikagonga kwenye chupa tupu. Tatu za haraka. Kimya. Tatu za haraka.

Mwanangu, hata leo sijui nikuelezeje. Kabla sijamaliza zile tatu za pili, makreza wote waliokuwa kwenye terasi ile walikuwa wamesimama. Viti vilianguka. Yule aliyesema habari ya bukari alikuwa na chikanda mdomoni na hakuitafuna. Yule wa mkwe alikuwa tayari barabarani, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki chini ya meza. Hakuna aliyemtazama mwenzake kwanza kuona kama naye anasimama. Hakuna aliyeuliza ni nani au ni wapi. Watu waliokuwa wamelewa walisimama wima kama hawajaonja kitu. Nao wote wakanitazama mimi niliyeshika kisu, na katika macho yao nililisoma swali lile lile la Chinyama. Wako wangapi.

Nimeona mlima mzima ukipasuliwa kwa baruti, nimeona mashine kubwa kuliko nyumba hii. Sijaona kitu kikubwa kama wanaume wale walivyosimama.

Tata Kabamba akainua mkono. "Mukae, bana. Hakuna muntu chini." Wakakaa polepole, mmoja mmoja. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ile tunapiga siku udongo umeanguka juu ya batu. Mwenye kuisikia anaacha byote. 'Beko bangapi' njo kusema, tuchimbue batu bangapi. We unatuuzishia mukate kila siku, haukuuliza hata siku moja namna gani tunaitana." Akaniondolea kisu mkononi. "Muoga anakimbia kwenda mbali. Ule alikimbia kuya. Na we uliona."

Akaniambia nikaseme hivyo kwa sekretere, kwa kinywa kile kile nilichochekeshea watu, na mbele ya watu wale wale.

Nimebishana na mabwana wa kampuni wenye tai nikawashinda. Nimesimama mbele ya maofisa wa forodha bila kumeza mate. Lakini kusimama mara ya pili kwenye terasi ile kulikuwa kuzito kuliko gunia lolote nililowahi kubeba. Nikasema: nilidanganya. Hakuogopa mpira. Mimi ndiye niliyemtoa golini kwa chuma changu, na nilijua kwamba alikuja kwangu mbio, nikaficha ili mcheke.

Hakuna aliyecheka. Waliompa jina la treni walikuwa wanatazama meza. Sekretere akamuuliza Tata Kabamba jambo moja tu. Je, kama ingekuwa fainali?

"Angeacha goli vile vile," akasema mzee.

Sekretere akavaa kofia yake, akatoka kwa miguu kwenda kwa Chinyama, nami nyuma yake. Tulimkuta uani. Alikuwa ameshaifua jezi na kuianika kwenye waya, tayari kuirudisha. Mke wake alikuwa mlangoni, mikono juu ya tumbo. Nikamwomba Chinyama msamaha na kumweleza yote, hata uongo wangu wa terasi. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimestahili.

Akaniambia, "Mi nilifurahi, ndugu. Nilifika, nikakuta hakuna muntu mwenye kufunikwa."

Sekretere ndiye aliyemjibu, akaiacha jezi pale pale kwenye waya na kumwambia kesho asubuhi aende gereji. Yule mama akageuka akaingia ndani, tukamsikia analia.

Sitakudanganya kwamba Chinyama alikuwa kipa hodari. Msimu ule alifungwa mabao mengi, mengine ya aibu. Musonoi hakuna aliyemzomea.

Sasa sikiliza, mwanangu. Cheka na wenzako, sikukatazi, mpira bila utani hauna ladha. Lakini siku hizi mna simu, na kosa la mtu linazunguka Kolwezi nzima kabla hajavua viatu. Ukimwona mtu ameacha kazi yake anakimbia, uliza kwanza anaelekea wapi. Ukiwa wewe ndiye uliyekuwa karibu, wewe ndiye shahidi wake. Usimbadilishe na kicheko cha meza. Kama umeshafanya hivyo, rudi usimame pale pale, useme. Utaona aibu, lakini hutakufa. Na watu wanaokulisha, jifunze wanavyoitana siku ya hatari. Mimi nilikula jasho lao bila kujua sauti yao.

Mungu akupe mali kunishinda mimi, ingawa hiyo itakuwa kazi kubwa. Akupe afya, akupe watoto wenye masikio. Na siku ambayo udongo utakuangukia, maana kila mtu ana siku yake, akupe mtu mmoja atakayeacha goli wazi na kukimbia kuja kwako.