Mahali Alipolala Mdogo Wangu

Juzi niliingia duka moja pale Bladensburg kununua unga, harufu ya kafuri, ile wanayopakwa maiti, ikanipiga puani, nikaacha kikapu nikatoka. Msinicheke, wenzangu. Kafuri kwangu ni mdogo wangu, aliyeishi siku nne.

Nilikuwa na miaka sita, tukikaa Lanham, huku ughaibuni. Wazazi wangu ni watu wa Tanga, na kwetu wanawake hawaendi kuzika. Mtoto wa kike mdogo hahesabiwi, kwa hiyo baba akanichukua. Kabla hatujatoka, mama, hata kusimama vizuri hawezi, alinivuta kofia masikioni akaninong'oneza: "Mwanangu, shika mahali anapolazwa. Uje uniambie."

Makaburi yako mbali, upande wa Manassas, na rafiki yake baba aliyekuwa akiendesha alinipa donati yenye sukari ya rangi. Basi tena. Wanaume walisimama duara, mimi nyuma yao nalamba vidole na kuhangaika na glavu. Nilichoona ni migongo ya makoti. Mdogo wangu aliteremshwa ardhini mimi natafuta glavu.

Baba hakuweka alama. Kwao kaburi halijengewi, watu wanajua tu nani kalala wapi.

Mama aliponiuliza, nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto wa huku: chini ya mti mkubwa, karibu na uzio. Mti wenyewe niliuona dirishani mwa gari tukiondoka. Baba alikuwepo. Alinitazama, akanyamaza, nami nikashukuru kwamba hakuniumbua.

Kuzuru kaburi wanawake ruksa, kwa hiyo kila Idi, miaka zaidi ya ishirini, mama alikwenda akakaa chini ya ule mti, akasoma Yasini, akaongea na mwanawe. Alikuwa akiniambia nilimfanyia jambo kubwa. Nilishindwa kumwambia. Mwaka jana alifariki, tukamzika palepale, kama alivyousia, alale na mtoto wake.

Rafiki yake baba alishakufa, na wale wanaume wengine walishatawanyika. Msikiti mdogo uliosimamia maziko ulifungwa zamani, na karatasi zake hazijulikani ziliko. Siku ya tatu ya matanga nilimweleza baba ukweli wote, nikamwomba anionyeshe mahali penyewe.

"Mimi siku ile nilikuwa nalia," akasema. "Sikuona kitu. Nilikuwa nakutegemea wewe."

Utotoni nilidhani alinyamaza ili anisitiri. Kumbe naye alikuwa anasikiliza, apate kujua.