Waliohesabiwa Siku ya Soko

Shule ya kilimani wanakijiji waliijenga wenyewe. Phelesia ndiye aliyewaongoza kina mama kukandika kuta zake kwa udongo, na kila likizo aliwarudisha kupaka sakafu samadi mbichi ya ng'ombe, funza wasije wakala miguu ya watoto. Mjukuu wake Lynnet alisoma hapo, gredi ya tatu, mtoto asiyefunga kitabu mpaka umnyang'anye.

Kisha serikali ikatangaza kwamba shule zenye wanafunzi haba zitaunganishwa. Afisa wa elimu akaja kuhesabu vichwa, na kwa bahati mbaya akaja siku ya soko la ng'ombe Ogwedhi. Siku hiyo hakuna boma lisilotoa mtoto wa kuswaga mifugo. Ndivyo walivyokua wao, ndivyo walivyowalea wanao, na walimu walikwishazoea. Hata Lynnet alikuwa njiani na fimbo, nyuma ya fahali wa nyanyake. Phelesia ndiye aliyemtuma, na jambo hilo linamuuma mpaka leo.

"Kuja kesho, afisa, utapata wote," alimsihi.

"Kesho niko shule ingine, mama," akajibu, akawasha pikipiki yake.

Shule ikafungwa. Watoto wakahamishiwa shule kubwa ya barabarani, ng'ambo ya mto, walikoahidiwa madarasa mapya. Madarasa gani! Palikuwa na msingi ulioota nyasi na rundo la mchanga lililogeuzwa kitanda cha mbuzi. Lynnet akawa anasomea nje ya dirisha, akinyoosha shingo ili auone ubao. Mvua ikija, walio nje huambiwa waende nyumbani, na msimu ule mvua ilikuja karibu kila mchana.

Siku moja alirudi na kitabu kilichoroa chapachapa. "Dani," alimwita nyanyake kwa Kijaluo, "mimi sirudi huko."

Phelesia alijifunga leso kiunoni, akavuka mto hadi kwa mwalimu mkuu, Nicanor.

"Sasa mama, nifanye nini? Watoto wenu ni wengi sana. Darasa hazitoshi."

Phelesia alimkazia macho.

"Kule kwetu mlisema ni wachache, mkafunga shule. Huku ni wengi, mnawaweka nje. Basi tuambie, mwalimu, tuzae wangapi?"

Nicanor alijifanya anatafuta kalamu. Lynnet hajarudi kusoma, na darasa alilopaswa kusomea bado halijajengwa.