Mkwe Aliyeuliza Habari za Kobe

Mama yangu ni fundi cherehani, na hamwamini mtu. Kitambaa hukipima mbele ya mteja, na mkasi wake hamwazimi hata dada yake. Nilipoolewa tukahamia kwake, mume wangu alitazamwa kwa jicho la pembeni tangu siku ya kwanza. Mimi nilichoomba ni wawili hao wapatane, basi.

Kisa kilikuwa kobe. Marehemu baba ndiye aliyemwachia mama, na ni kobe huyo tu aliyeruhusiwa kuzurura chini ya cherehani. Mume wangu kakulia pwani, alichojua ni kasa: gamba bapa, miguu mipana kama makasia, maisha yake baharini. Huyu wetu mwenye gamba la kuvimba na miguu minene yenye kucha alimshangaza. Akawa anauliza. Anakula nini? Ana miaka mingapi?

"Mumeo ana mteja wa kobe wangu," mama akaninong'oneza. "Umri wa mnyama unamhusu nini?"

"Jamani, mama! Anatafuta mazungumzo tu."

"Wewe umependa, huoni."

Siku moja nikamsikia mume wangu akiuliza, "Mama, huyu naye anaogelea kama kasa?"

"Tena sana," mama akajibu, macho kwenye sindano.

Baadaye nikamuuliza uongo ule wa nini. "Aende akamdanganye nao huyo mteja wake." Nikacheka. Mjinga mimi, nikacheka nikaenda zangu!

Jumamosi jua lilikuwa kali. Mama alipoona kobe hayupo aliruka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Sikukwambia? Kamuuza!"

Mimi moyo ulinilipuka kwa jambo jingine. Nikakimbilia uani. Mume wangu alikuwa kachuchumaa kando ya pipa la maji, anatabasamu.

"Joto lilimzidi, nikamtia aogelee. Kazama mwenyewe hadi chini."

Nikatumbukiza mikono hadi mabegani. Kobe alitoka shingo imelegea, maji yakimchuruzika puani. Tulimwinamisha, tukamkanda, wapi! Alikuwa keshakufa.

"Lakini mama, si uliniambia anaogelea?" Maskini, alidhani yeye ndiye hakuelewa.

Mama alikaa chini palepale kwenye maji. "Nilikudanganya, mwanangu. Nilidhani unataka kumwiba."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mume wangu hata hakulisikia hilo "mwanangu".

"Mwizi? Mimi?" Akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

Nilijua.